Wema wa Mtu na Deni la Dola: Niliyojifunza Katika Ngome za Ujerumani

Kila mwaka, tunapofikia mada ya utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki, hutokea mwanafunzi akaniuliza: "Mwalimu, Mjerumani wa leo anadaiwa nini?" Ni swali zuri, lakini lina mtego ndani yake. Neno "Mjerumani" limebeba vitu viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kuna mtu, ambaye huzaliwa, hutenda yake, kisha hufa. Na kuna dola, ambayo haifi pamoja na watu wake, bali hurithi majengo, hazina, mikataba, na madeni.

Mwezi Septemba 2025 nilisafiri peke yangu Ujerumani kwa majuma matatu, nikitumia treni na miguu. Sikwenda kwa mwaliko wa taasisi yoyote. Nilitaka kuzitazama ngome na makasri yao, kwa sababu naamini kwamba jengo la mtawala ni hati ya historia kama ilivyo barua au mkataba. Njiani nilikutana na watu wengi nisiowajua, na karibu wote walinitendea wema. Makala haya yanahusu mambo hayo mawili, mawe na watu, na namna yanavyotusaidia kulijibu lile swali la darasani.

Nianze na maneno. Kijerumani hutofautisha Burg, yaani ngome ya kujihami, na Schloss, yaani kasri la kuishi na kuonyesha fahari. Nasi tunayo maneno yetu: ngome, husuni, kasri, boma. Anayeifahamu Husuni Kubwa ya Kilwa hahitaji kufundishwa maana ya ukuta uliojengwa juu ya mwinuko ili anayekuja kutoka mbali aone na aogope. Shabaha ya jengo ni ileile kila mahali. Kinachotofautiana ni jinsi vizazi vya baadaye vinavyolisimulia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Wartburg, ngome iliyo juu ya kilima mjini Eisenach, katika jimbo la Thuringia. Ndani ya treni niliketi karibu na mzee mmoja aliyestaafu, ambaye alikuwa fundi katika kiwanda cha magari cha mji huo enzi za Ujerumani Mashariki. Gari lenyewe liliitwa Wartburg, kwa jina la ngome. Mzee huyo alinigawia nusu ya mkate wake bila kuniuliza nilikotoka, na tulipofika alikataa kabisa kuniacha nitafute njia peke yangu. Tulipanda kilima pamoja polepole, yeye kwa fimbo yake, mimi kwa mkoba wangu.

Wageni wengi huenda Wartburg kwa ajili ya Martin Luther. Alifichwa humo kuanzia Mei 1521 hadi Machi 1522, akiwa ametengwa na kanisa na kupigwa marufuku na mfalme mkuu. Humo ndimo alimotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma machache tu. Nilimweleza mzee kwamba kazi hiyo ilitufikia hata sisi kwa njia yake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekulia katika Ulutheri, alianza mwaka 1844 huko Mombasa kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mzee alifurahi. Lakini yeye hakutaka tuishie kwa Luther. Alitaka kunisimulia habari za mtu mwingine, Thomas Müntzer, ambaye sura yake, alisema, aliizoea tangu ujana kwa sababu ilikuwa kwenye noti ya marki tano ya Ujerumani Mashariki.

Mwaka 1525 wakulima wa Thuringia na majimbo mengine waliinuka dhidi ya mabwana wao. Walichoshwa na kazi za lazima, kodi, na utumwa wa ardhi. Waliteka na kuchoma ngome nyingi. Madai yao waliyaandika katika vifungu kumi na viwili vilivyochapishwa na kusambazwa nchi nzima. Luther, aliyekuwa amewafundisha wengi wao kwamba Mkristo ni mtu huru, aliandika kijitabu kikali akiwataka watawala wawaue waasi. Müntzer, mhubiri aliyesimama na wakulima, alikutana na majeshi ya mabwana karibu na Frankenhausen mwezi Mei. Upinde wa mvua ulioonekana angani ulichukuliwa na wakulima kuwa ishara ya Mungu. Masimulizi yaliyoandikwa na wapinzani wake yanadai kwamba Müntzer aliwaahidi atazidaka risasi kwa mikono ya joho lake. Waliuawa kwa maelfu. Müntzer aliteswa, akakatwa kichwa, na kichwa hicho kikachomekwa juu ya mti ili watu waone.

Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwuliza kama aliwahi kusikia neno Majimaji. Hakuwa amelisikia. Basi tukaketi kwenye benchi chini ya lango la ngome, nami nikamsimulia kwa kutumia historia yake mwenyewe. Nilimweleza jinsi mwaka 1905 wakulima wa Umatumbi walivyong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, jinsi Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alivyowapa watu maji na ahadi kwamba risasi hazitawadhuru, na jinsi vita ilivyoenea kusini mwa nchi hadi 1907. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa bunduki, kisha kwa kuchoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanafika watu 300,000. Mjini Songea, tarehe 27 Februari 1906, zaidi ya watu sitini walinyongwa kwa siku moja, miongoni mwao wakiwa viongozi wa Wangoni. Nduna Songea Mbano naye aliuawa mwaka huo, na kwa mujibu wa masimulizi ya jamaa zake kichwa chake kilichukuliwa.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba katika maisha yake yote amewaona wakulima wa 1525 kuwa mashujaa, na hajawahi kufundishwa kwamba serikali ya nchi yake iliwatendea wakulima wengine yaleyale miaka 380 baadaye. Hakuomba radhi, nami sikutaka aombe. Yeye hakumnyonga mtu. Lakini aliniuliza jina la Songea linaandikwaje, akaliandika kwenye kijidaftari chake.

Nataka wanafunzi wangu walitafakari jambo hili. Vitabu vya zamani vya wakoloni viliyaeleza maji ya Kinjeketile kuwa ushirikina wa Kiafrika, kana kwamba kuamini kinga dhidi ya risasi ni ugonjwa wa bara letu. Upinde wa mvua wa Frankenhausen unatuonyesha kitu kingine. Mkulima asiye na silaha, anayekabiliana na dola yenye silaha, hutafuta nguvu mahali ambapo dola haina mamlaka. Alifanya hivyo Thuringia, na alifanya hivyo Umatumbi. Tofauti ni kwamba mmoja alipewa noti ya marki tano, na mwingine akapewa jina la mshirikina.

Kutoka Eisenach nilielekea kusini-magharibi hadi mji wa Neustadt, nchi ya mizabibu. Ilikuwa wakati wa mavuno, na mama mwenye nyumba nilimolala alinipakia kwenye gari lake dogo, akanipandisha hadi kasri la Hambach, akaniachia mfuko wa zabibu na onyo kwamba basi la mwisho la kurudi halimsubiri mtu. Hambach leo huitwa chimbuko la demokrasia ya Ujerumani. Mwishoni mwa Mei 1832, watu kati ya 20,000 na 30,000 waliandamana hadi kwenye magofu ya ngome hiyo wakibeba bendera za nyeusi, nyekundu na dhahabu, rangi ambazo sasa ndizo za taifa. Walitaka nchi moja, uhuru wa magazeti, na serikali inayotokana na umma. Wanawake waliitwa waje, na wakimbizi wa Poland walikuwapo. Ufalme wa Bavaria, uliotawala eneo hilo, ulijibu kwa kupeleka majeshi. Wasemaji wakuu, Wirth na Siebenpfeiffer, walikamatwa, na katika majira hayohayo ya joto udhibiti wa maandishi na mikutano ukakazwa katika Shirikisho zima la Ujerumani.

Kwa wanaharakati wanaosoma makala haya, Hambach ina somo la wazi: serikali inayozuia mkutano leo hujikuta wajukuu wake wakijenga makumbusho mahali palepale pa mkutano. Lakini kwa mwanahistoria kutoka Afrika Mashariki kuna somo la pili, nalo ni chungu. Baina ya Hambach na Mkutano wa Berlin wa 1884 ni miaka 52 tu. Taifa lililoota uhuru wake juu ya magofu lilipopata umoja, halikuchelewa kuwanyima wengine uhuru huo. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano ule kufungwa, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia saini barua ya ulinzi juu ya ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Kupenda uhuru wa nyumbani hakumfanyi mtu apende uhuru wa jirani yake. Sisi tuliopigania uhuru tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunapozungumzia haki za wakimbizi na wachache waliomo ndani ya mipaka yetu.

Kasri la tatu ndilo maarufu kuliko yote: Neuschwanstein, katika milima ya Bavaria. Niliposhuka Füssen kulikuwa na umati wa watalii, na kijana muuza mikate karibu na kituo, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Uturuki, alifunga duka lake kwa dakika tano ili anionyeshe basi sahihi. Alinitania kwamba yeye amezaliwa hapohapo chini ya kasri na bado watu humwuliza ametoka wapi, ilhali mimi niliyetoka mbali kweli sijaulizwa.

Neuschwanstein halikujengwa kwa vita. Mfalme Ludwig wa Pili aliweka jiwe la msingi mwaka 1869, wakati ambapo ngome za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kazi yake kwa karne kadhaa. Ni ndoto ya zama za kale iliyojengwa kwa winchi ya mvuke. Alikufa 1886 ndani ya ziwa Starnberg, kasri likiwa halijakamilika, na baada ya majuma machache tu likafunguliwa kwa wageni wanaolipa kiingilio. Ludwig ana nafasi ndogo pia katika habari yetu. Mwaka 1870 ndiye aliyetia saini barua ya kumwomba mfalme wa Prussia awe Kaisari, barua iliyoandaliwa na Bismarck, ambaye baadaye alimpatia Ludwig fedha za siri. Mwezi Januari 1871 dola mpya ilitangazwa katika ukumbi wa kasri la Versailles, Ufaransa. Dola hiyo ndiyo iliyokuja kwetu.

Hata hivyo, si Ludwig aliyenifanya nisimame muda mrefu pale uani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wanazi waliligeuza Neuschwanstein kuwa ghala la kazi za sanaa walizopora Ufaransa, nyingi zikiwa mali ya familia za Kiyahudi. Huko Paris, mtumishi wa makumbusho aitwaye Rose Valland alikuwa akiandika kwa siri kila kilichopita mbele ya macho yake na kilikopelekwa. Taarifa zake ndizo zilizowaelekeza maofisa wa Kimarekani kwenye kasri hilo mwaka 1945. Walikuta vitu, na walikuta pia orodha na picha ambazo waporaji wenyewe walizitunza. Kazi nyingi zilirudishwa Ufaransa.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini. Mara nyingi tunaambiwa kwamba kurejesha vilivyochukuliwa ni jambo gumu: sheria haiko wazi, vitu ni vingi, wenyewe hawajulikani. Neuschwanstein ni shahidi kwamba inawezekana, pale inapokuwapo nia na inapokuwapo orodha. Nia ni ya aliyechukua. Orodha inaweza kuwa ya aliyechukuliwa.

Kituo cha mwisho kilikuwa Berlin, kwenye kasri ambalo ni la zamani na jipya kwa pamoja. Makao ya watawala wa Prussia yaliharibiwa kwa mabomu mwaka 1945. Serikali ya Ujerumani Mashariki ikayabomoa 1950, na baadaye ikajenga hapo Jumba la Jamhuri, lililofunguliwa 1976. Ujerumani ilipoungana, jumba hilo nalo likabomolewa, na kuta za nje za kasri la kifalme zikajengwa upya kwa gharama ya zaidi ya euro milioni 600. Ndani yake, pamoja na mengine, yamewekwa makusanyo ya Makumbusho ya Ethnolojia: vitu vya Afrika, Asia, Oseania na Amerika chini ya paa la wafalme. Sijui kama waliolipitisha wazo hilo waliona maana yake, lakini mgeni kutoka Songea au Moshi huiona tangu mlangoni.

Mwenyeji wangu siku hiyo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu niliyekutana naye kwenye maktaba, ambaye aliacha shughuli zake anizungushe mjini. Alinipeleka Neukölln, kwenye mtaa ulioitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, kamanda aliyeizima vita ya Abushiri pwani yetu. Tangu 2021 mtaa huo unaitwa Lucy Lameck, mwanamke wa Kitanzania aliyeshika wadhifa serikalini baada ya uhuru. Na mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyobeba jina la Peters katika eneo la Wedding ikapewa jina la Maji-Maji. Mabadiliko hayo hayakushuka kutoka ikulu. Yalipiganiwa kwa miaka mingi na wakazi wa kawaida, Waafrika na Wajerumani, kwa mikutano, maombi na kesi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali la mwanafunzi. Wema wa mzee wa Eisenach, wa mama wa Neustadt, wa muuza mikate na wa kijana wa Berlin ni wa kweli, na ingekuwa utovu wa shukrani kuwabebesha dhambi za Wissmann. Lakini wema wao hauwezi kuwa malipo ya deni la dola, kwa sababu si wao waliokopa. Dola inalo daftari lake. Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, inayomiliki makusanyo yaliyomo katika kasri lile, ilirithi pia mafuvu ya binadamu yaliyokusanywa wakati wa ukoloni. Utafiti wake uliotolewa 2023 ulichunguza mafuvu 1,135 ya kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo jirani: 904 yalitoka katika eneo la Rwanda ya leo, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Mwaka huohuo vipimo vya vinasaba viliunganisha baadhi ya mafuvu ya Kilimanjaro na jamaa walio hai. Kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, hakikuwamo miongoni mwa yaliyotambuliwa.

Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea na kuomba msamaha mbele ya jamaa za waliouawa. Lilikuwa jambo la heshima. Lakini msamaha wa kiongozi ni mwanzo wa hesabu, si mwisho wake. Kumbuka habari ya Mtwa Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliotiwa saini katika ukumbi uleule ilimotangazwa dola ya 1871, uliagiza fuvu lake lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilifika Kalenga mwaka 1954. Ahadi isiyo na mtu wa kuifuatilia ilichukua miaka 35.

Na hapo nawageukia watumishi wa umma, ambao najua husoma ukurasa huu wakati wa chakula cha mchana. Rose Valland hakuwa waziri wala jenerali. Alikuwa mtumishi aliyeweka kumbukumbu sahihi katika zama ambazo kumbukumbu hiyo ingeweza kumgharimu maisha. Sisi tunazo ofisi, tunayo amani, tunao wazee Kilwa, Songea, Iringa na Moshi ambao bado wanakumbuka majina ya waliochukuliwa, mahali, na jamaa waliobaki. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga, iliyopigwa mizinga na kutekwa tarehe 30 Oktoba 1894, ni husuni yenye historia isiyopungua ile ya Wartburg, lakini ni wanafunzi wangapi wamewahi kupelekwa kuiona? Maboma ya Kijerumani yamesimama katika miji yetu mingi, mengine yakiwa ofisi, mengine hoteli, na mara nyingi hakuna hata kibao kinachoeleza ni nani walioyajenga kwa kazi ya lazima.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwanafunzi ni hili. Mjerumani utakayekutana naye kwenye treni hadaiwi nawe chochote isipokuwa salamu na ukweli, kama wewe unavyodaiwa naye. Dola yake inadaiwa mifupa, vitu, hati, na elimu kwa watoto wake. Na dola yetu, wilaya kwa wilaya, inadaiwa orodha. Mwenye deni hulipa haraka zaidi anapojua kwamba mdai wake anazo hesabu zote mkononi.